Laptopu ya Mama Haijafa

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu. "Mwanangu, fundi kasema kompyuta yangu imekwisha, ninunue nyingine. Kweli?"

Haikuwa imekwisha, ilikuwa imechoka tu. Ni laptopu ya mwaka 2012, ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ile ya kuzunguka. Ukiiwasha asubuhi unachemsha chai, unakunywa, ndipo inafunguka. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo laptopu hii haina. Fundi aliishia hapo.

Mimi nikachagua Linux Mint, toleo la Xfce. Ni ya bure, ni nyepesi, na menyu iko chini kushoto kama Mama alivyozoea. Inataka RAM ya GB 2 kwa uchache (GB 4 ndiyo raha) na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kama yako ni dhaifu zaidi, jaribu antiX.

Kazi yenyewe si ngumu. Pakua faili la ISO kwenye tovuti ya Linux Mint, kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Angalia, flashi itafutwa yote. Ichomeke, washa mashine huku ukibonyeza F12 (nyingine ni F2, F9 au Esc), chagua kuanzia kwenye flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Jaribu sauti, kamera na Wi-Fi kabla hujaamua lolote.

Sasa sikia kosa langu. Nilikuwa nimenakili folda ya Documents, nikajiona mjanja. Programu ikaniuliza kama ifute diski yote. Kidole kiko tayari, nikauliza tu: "Mama, maandishi yako yote yako Documents, sivyo?"

"Documents ndiyo nini? Mimi naweka hapo mbele, nikiwasha niyaone."

Jamani! Kila Jumapili Bibi alikuwa akimsimulia Mama kwa simu kutoka Tanga, na Mama anaandika. Miaka sita ya masimulizi, yote yako Desktop. Na Bibi siku hizi hasikii vizuri, simu haimfai tena.

Nikaghairi. Ukiwa bado unatumia flashi, unaweza kuifungua diski ya zamani kama folda nyingine yoyote. Nikanakili kila kitu kwenye flashi ya pili, nikafungua mafaili matatu kuhakikisha yanasomeka, ndipo nikasakinisha. Haikufika hata nusu saa.

Kisha Wi-Fi ikagoma. Ikikutokea, usihangaike. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, halafu fungua Driver Manager. Itakutafutia programu inayohitajika.

Mwisho nikafungua terminali, nikaandika:

sudo apt install hunspell-sw

Hiyo ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Ndani ya LibreOffice nikachagua Kiswahili kiwe lugha ya maandishi. Maana tangu Mama aanze kutumia kompyuta hapa Uingereza, kila sentensi yake imekuwa ikichorwa mistari myekundu, kana kwamba amefeli mtihani.

Akafungua simulizi moja ya Bibi, akaitazama. "Mistari imekwenda wapi?"

"Sasa inajua Kiswahili, Mama."

"Haijui chote," akasema. Kweli, michache ilikuwa imebaki, chini ya maneno ya Bibi ya kikwao. Nikamwonyesha: bonyeza upande wa kulia wa kipanya, chagua kuongeza neno kwenye kamusi. Tangu hapo anaongeza moja moja kila jioni, na akikwama kwenye maana humpigia mjomba aende kumuuliza Bibi ana kwa ana.

Laptopu bado si farasi, lakini sasa inafunguka kabla chai haijachemka. Na wewe ukishika ya mzazi wako, kabla hujafuta chochote, muulize anaweka vitu vyake wapi. Usikisie.