Mashimo Meusi na Anga la Ufipa

Kila inapotangazwa kwamba wataalamu wamegundua shimo jeusi jingine, huzuka maneno barazani na vijiweni kuwa dunia i karibu kumezwa. Tumeona yafaa kulisema jambo hili waziwazi, kwa faida ya wananchi wa Visiwani na hasa kwa maofisa wa elimu, ambao ndio wenye dhamana ya kulijibu.

Shimo jeusi ni mabaki ya nyota kubwa iliyokwisha kuni zake, ikajibomokea ndani mpaka hata nuru isiweze kutoka. Lililo karibu nasi kuliko yote yajulikanayo hadi leo ni Gaia BH1, lililotangazwa mwaka 2022. Liko umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi, na mwaka mmoja wa nuru ni karibu kilomita trilioni 9.5. Nuru ya nyota inayoandamana nalo, inayotufikia usiku huu, iliondoka huko zaidi ya karne moja kabla ya Hijra. Uzito wake ni kama majua 9.6, lakini upana wake haufiki kilomita 60. Kisiwa cha Pemba ni kirefu kuliko hapo. Nyota mwenzake hulizunguka kwa siku 186 kwa utulivu kabisa, wala haijamezwa. Basi sisi tulio mbali kiasi hiki tuhofu nini?

Linalofuata ni Gaia BH3, lililotangazwa Aprili 2024, lenye uzito wa majua 33 na umbali wa miaka ya nuru 1,900 na ushei. Yote mawili yaligunduliwa kwa vipimo vya chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichozimwa Machi 2025. Mwaka 2020 lilitangazwa jingine, HR 6819, kuwa liko miaka ya nuru 1,000 tu. Mwaka 2022 ikathibitika kuwa hapakuwa na shimo, bali nyota mbili. Waliosahihisha walikuwamo hao hao waliotangaza, na sisi tunawaheshimu kwa hilo.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Hawaijui historia ya pwani yao. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei angani, na vipimo vyake vya mwaka 1971 ndivyo vilivyowaelekeza wataalamu kwenye Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza kukubalika duniani. Tarehe 15 Oktoba 1974 jukwaa hilo hilo lilirusha Ariel 5 ya Uingereza, ambayo mwaka uliofuata iliona mlipuko wa A0620-00. Na kwa miaka mingi hilo ndilo lililohesabiwa kuwa shimo jeusi la karibu kuliko yote. Ni watoto wangapi wa skuli zetu waliopata kuambiwa habari hizi?

Hapa ndipo tunapoifikia Sumbawanga. Uwanda wa Ufipa uko juu, mji wenyewe ukiwa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukatika, hewa huwa kavu, na nje ya mji giza la usiku ni giza la kweli. Mashimo tuliyoyataja kwa jina la Gaia yako katika sehemu za anga zinazopita juu ya Ufipa katika miezi hiyo hiyo. Mwenzi wa Gaia BH3, katika kundi la Tai, haonekani kwa macho matupu, lakini huonekana kwa darubini yenye kioo cha sentimita 20. Nyota kuu ya kundi hilo ni Altair, jina la Kiarabu lenye maana ya mwenye kuruka. Manahodha wetu hawakuwa wageni wa nyota.

Jina la Sumbawanga, wasemavyo wenyeji, ni wito wa kutupa uchawi. Mkoa wenye jina hilo ungefaa kuwa wa kwanza kuwaonyesha watoto kilichomo angani.

Tutaulizwa: mkulima wa Rukwa anayetafuta mbolea na soko la mahindi, darubini itamfaa nini? Swali ni la haki. Hatuombi fedha za mbolea. Hatuombi kuba wala jengo. Tunaomba darubini moja ya kiasi hicho, mwalimu mmoja wa fizikia aliyefundishwa kuitumia, na shule moja ya sekondari ya Sumbawanga itakayoitunza. Na kwa kuwa taa za mjini Unguja zimekwisha kuzificha nyota nyingi, wizara mbili za elimu, ya Bara na ya Visiwani, zikubaliane kupeleka huko kila mwaka kundi la wanafunzi wa Unguja na Pemba, katika likizo ya katikati ya mwaka, wakati Tai anapochomoza mashariki mara baada ya jua kuzama.