Likizo Wakati wa Maradhi

Watu wengi hudhani kuwa, maradhi ya kuambukiza yanapoenea nchini, likizo ina njia mbili tu: kujifungia ndani ya nyumba mchana na usiku, au kupanda gari lililojaa abiria kwenda Mombasa kwa sababu wengine wamekwenda. Njia ya kwanza ni woga uliovaa joho la hekima. Ya pili ni ujinga uliovaa joho la starehe. Mimi nazikataa zote mbili. Iko njia ya tatu, nayo huanzia kizingitini mwa nyumba yako: matembezi ya nje, karibu na kwenu, yaliyopangwa kwa akili.

Tazama historia, msomaji kijana. Mwaka 1918 homa ya mafua iliyozunguka ulimwengu iliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara pamoja na wasafiri wa reli. Miaka 102 baadaye, tarehe 13 Machi 2020, serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona, naye alikuwa msafiri aliyetoka ng'ambo. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Maradhi hayana miguu, huazima yetu. Anayesafiri mbali bila haja huyaazimisha miguu yake, na mara nyingi anayepokea deni hilo ni babu au nyanya aliyebaki nyumbani.

Walakini asidhani mwenye kujifungia kwamba yeye amesalimika. Nakiri kosa langu. Julai ya mwaka 2020 niliwakusanya watoto wa ndugu zangu katika chumba kimoja hapa Githongo, niwafundishe hesabu. Baridi ya mwezi huo mwaijua. Tulifunga madirisha, tukawasha jiko. Mtoto mmoja alikuwa na kikohozi. Baada ya siku nne nyumba nzima ilikohoa, na mama yetu mzee alilala kitandani wiki tatu. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini sikuusahau usiku niliokaa karibu naye nikihesabu pumzi zake. Nilikuwa nimefunga mlango ili maradhi yasiingie, kumbe niliyafungia ndani pamoja nasi.

Sababu yake ni wazi. Maradhi ya namna hii hutoka na pumzi. Katika chumba kilichozibwa pumzi ya mgonjwa huelea, na kila aliyemo huivuta. Nje upepo huitawanya. Basi kwa nini tuukimbie upepo wa Mlima Kenya, tukaifuate hewa nzito ya chumbani?

Hata hivyo kutoka bila mpango ni uzururaji, na uzururaji siutetei. Tahadhari kabla ya athari. Nendeni watu wa nyumba moja, si kijiji kizima. Mwenye homa au kikohozi abaki. Nendeni kwa miguu, msihitaji gari. Kila mtu achukue chakula chake na kikombe chake, kwa maana kikombe kimoja kwa watu kumi ni daraja la maradhi. Mwambieni mzee njia mtakayopita na saa ya kurudi, tena rudini kabla ya giza. Msiogelee mtoni. Msiingie msituni bila ruhusa na bila askari wa misitu, kwani ndovu na nyati hawajui kwamba ninyi mko likizoni.

Najua pingamizi mtakayoisikia: "Tutazame nini? Mlima tumeuona tangu kuzaliwa." Hasha! Kuona si kutazama. Nimewauliza vijana wengi mto Kathita unakwenda wapi, wakanyamaza. Na baadhi yao wamekwisha kufika pwani. Kathita huteremka kutoka Mlima Kenya, ukaingia mto Tana, na Tana humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kijana huyo alisafiri siku nzima kwenda kuitazama bahari, asijue kwamba maji yaliyopita karibu na kwao yalikuwa katika safari hiyo hiyo. Aliye karibu na mji wa Meru analo ziwa Nkunga katika msitu wa Imenti. Wewe wa Githongo unayo mashamba ya chai, miteremko, na wazee wanaojua jina la kila kijito. Mzee huyo msalimu kwa heshima ukiwa mbali kidogo, umsikilize barazani kwake, atakufundisha mengi.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Dharura ilikwisha, maradhi hayakuisha, na mengine yatazaliwa. Yakija, wewe utakuwa mzazi, au mwalimu, au mganga, na watoto watakuuliza waifanyeje likizo. Usiwafungie madirisha kama nilivyofanya mimi. Jifunze njia za nyumbani kwenu sasa, ungali na miguu mizima na wazee wangali hai wa kukuonyesha.