Winga akikosa namba, kasi yake isiachwe Ipole

Ukitoka Tabora mjini ukashika njia ya kusini, unapita Sikonge, halafu unafika Ipole. Hapo barabara inagawanyika. Moja inakwenda Koga hadi Mpanda, nyingine inachepuka kuelekea Rungwa, na huko mbele ni Mbeya. Dereva akifika hapo anajua ana njia mbili za kuchagua.

Dogo anayekipiga jioni kwenye viwanja vya vumbi vya ukanda huo ana njia moja tu kichwani: Simba au Yanga. Akijishusha kidogo, atataja timu ya Ligi Kuu inayocheza pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Zikishindikana hizo, basi. Anavua viatu, anarudi kwenye tumbaku, kwenye mizinga ya nyuki au kwenye bodaboda, na kasi aliyopewa na Mungu inaishia hapo hapo.

Hakuna ubaya wowote kwenye kulima wala kuendesha bodaboda. Ni kazi halali, zinalisha familia. Ubaya uko kwenye namna kipaji kinavyopimwa nchini. Kijana anaulizwa swali moja tu: anajua mpira au hajui? Hakuna anayeuliza anakimbia mita 30 kwa sekunde ngapi, anaruka umbali gani, ana nguvu kiasi gani miguuni.

Nchi nyingine huuliza. Na majibu yake yamewatoa wachezaji kwenye timu za vyuo vikuu na kuwapeleka kwenye mchezo ambao shabiki wengi wa Tabora hawajawahi kuuona hata kwenye kibanda umiza.

Mchezo huo unaitwa bobsledi. Ni kigari kinachoteleza kwenye njia ya barafu yenye kona kali, ndani kuna watu wawili au wanne, na kinashuka kwa kasi inayozidi kilomita 120 kwa saa. Kabla ya kurukia ndani, wachezaji wanakisukuma huku wakitimka. Kigari cha watu wawili, kikiwa kitupu, hakipungui kilo 170, kwa hiyo si mchezo.

Mbio hizo za kusukuma ni kama mita 50 tu, sekunde tano na ushee, lakini ndizo zinazoamua mengi. Makocha wake wana hesabu yao: ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale juu, ukifika chini inaweza kuwa imezaa tatu. Hapo hahitajiki mkimbiaji wa marathoni. Anahitajika mtu wa kulipuka kutoka kusimama, mwenye mwili wa kusukuma mzigo. Kwa lugha ya uwanjani, anatakiwa straika anayemuacha beki hatua tatu za kwanza, au beki wa kati anayemuwahi straika huyo.

Ndiyo maana Wamarekani na Wakanada huwatafuta watu hao kwenye mpira wao, ule wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi. Herschel Walker aliwika Chuo Kikuu cha Georgia, na mwaka 1982 akatwaa Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Miaka 10 baadaye alikuwa Ufaransa, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Albertville, akisukuma kigari cha watu wawili pamoja na Brian Shimer. Walishika nafasi ya saba. Mwaka huo huo Walker akarudi kwenye ligi ya kulipwa, akaendelea kucheza mpira kama kawaida.

Kisa cha Jesse Lumsden wa Canada kinawagusa zaidi wanaosugua benchi. Akiwa Chuo Kikuu cha McMaster alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vya nchi yake mwaka 2004. Alipoingia ligi ya kulipwa, majeraha yakamuandama msimu baada ya msimu. Kwa macho ya hapa Bongo, huyo angeitwa "kipaji kilichopotea" na stori yake ingefungwa. Mwaka 2010 alikuwa Vancouver, akisukuma kigari cha Pierre Lueders kwenye Olimpiki, na wakamaliza wa tano.

Mtu atasema hao wametoka kwenye nchi za barafu na hela, na hata mpira wao si huu wa miguu. Ni kweli. Basi tazama Jamaica, kisiwa cha jua kama Zanzibar. Wazo la timu yao ya mwaka 1988 lilitoka kwenye mashindano ya mikokoteni ya mtaani. Waliotazama mikokoteni ile ikisukumwa na kuteremka mlima waliona inafanana na bobsledi, kilichokosekana ni barafu tu. Wachezaji wakachukuliwa jeshini, wakafanya mazoezi ya kusukuma nchi kavu. Kule Calgary kigari chao cha watu wanne kilipinduka, dunia ikacheka. Miaka sita baadaye, Lillehammer, Jamaica ikashika nafasi ya 14 na kuwaacha Wamarekani nyuma.

Njoo Afrika. Seun Adigun alikuwa mruka viunzi wa Nigeria kwenye Olimpiki ya London 2012. Alipoamua kuanzisha timu ya bobsledi ya Nigeria, alitengeneza kigari cha mbao kwa mikono yake, akafanyia mazoezi Houston, mji wa joto. Yeye, Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, wote wanariadha wa mbio, walichangisha dola 75,000 mtandaoni. Mwaka 2018 wakawa timu ya kwanza ya bobsledi kutoka Afrika kufika Olimpiki.

Hapa jirani, Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 kampuni ya viatu ilimpeleka Finland kujifunza kukimbia kwenye theluji kwa mbao za miguuni, na 1998 akashindana Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alishindana tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006.

Hapa ukweli wote usemwe. Wanigeria wale walikuwa wakiishi Marekani, na walimaliza wa mwisho. Boit asingefika popote bila fedha za mfadhili. Tanzania haina njia ya barafu, na haijawahi kupeleka mtu kwenye Olimpiki ya baridi. Isitoshe, winga teleza mwembamba wa kilo 58 hawezi kusukuma kigari cha kilo 170, hata awe na mbio za swala. Anayemwahidi kijana wa Ipole kwamba kesho atapanda ndege kwenda kwenye barafu anamdanganya mchana kweupe.

Lakini kuna jambo moja la wenzetu hao ambalo halihitaji barafu wala dola 75,000. Walipimwa. Kuna mtu alikuwa na saa, futi kamba na daftari, akaandika: huyu anakimbia hivi, anaruka hivi, ana kilo hizi. Mlango mmoja ulipofungwa, karatasi ile ilibisha hodi kwenye mlango mwingine.

Hapa nchini, UMISSETA inakusanya vijana kutoka kila mkoa. Michezo ya vyuo vikuu nayo ipo. Mashindano yakiisha, kinachobaki ni matokeo: nani kafunga, nani kabeba kombe. Kijana aliyetolewa raundi ya kwanza harudi na namba yoyote inayomhusu yeye mwenyewe. Huenda ana mbio za mita 100, au mwili wa raga, au mkono wa mkuki. Hakuna anayejua, na yeye mwenyewe hajui.

Hii si hasara ndogo. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Nchi yenye kabati tupu hivyo haina jeuri ya kumtupa mtu mwenye kasi kwa sababu tu pasi zake hazifiki.

Wapo makocha wa mpira watakaonuna, wakihofia kuibiwa wachezaji. Hofu hiyo haina msingi. Walker alikwenda kwenye barafu akarudi kwenye mpira. Mchezaji aliyepimwa ana faida hata kwa kocha huyo huyo, maana atajua nani wa kumpanga pembeni na nani anadanganya kwamba ana mbio.

Watu wa Unyamwezi walilijua hili zamani. Wapagazi wao walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wengine wakageuka magharibi hadi Ujiji. Nguvu ya bega na mguu ilikuwa mtaji, na kila mtaji ulipelekwa kulikokuwa na soko. Hakuna aliyerudi kulala nyumbani kwa sababu njia moja ilikuwa imefungwa.

Kwa hiyo maofisa michezo wa Sikonge na wilaya nyingine, Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki waanze na kitu kidogo. UMISSETA ijayo, kabla ya filimbi ya kwanza, kila mchezaji akimbizwe mita 30, aruke, apimwe uzito, na namba zake ziandikwe na apewe nakala. Saa ya kupimia inauzwa bei chini ya jezi moja orijino ya klabu kubwa.

Halafu dogo wa Ipole akikosa namba kwenye timu, atakuwa na namba nyingine mfukoni.