Bei ya Nyumba au Bei ya Mgeni?

Safari hii tunagusa jambo linalosemwa sana nje ya kanisa baada ya Misa na halisemwi kabisa ndani: bei za nyumba zinazouzwa hapa Malindi.

Mwalimu au muuguzi akihamishiwa huku, akachoka kupanga, akaanza kutafuta nyumba ndogo ya kununua, hukutana na mambo yale yale. Dalali wa kwanza humpeleka kwenye nyumba na kumtajia bei. Wa pili humpeleka kwenye nyumba hiyo hiyo kwa njia nyingine, na bei nyingine. Wote wawili humuuliza kwanza anatoka wapi na anafanya kazi wapi, na majibu hayo ndiyo yanayopanga bei. Nyumba ambayo jirani angeuziwa, tuseme, milioni 12, mtu wa Dar es Salaam ataambiwa 20. Likitajwa jina la parokia au shirika la watawa, basi hata kichuguu kina thamani.

Tuwe wakweli, ardhi ya milimani ni adimu. Miteremko ni mikali, mashamba yamegawanywa mpaka kwa wajukuu, na msitu wa Magamba ni hifadhi. Saruji na bati hupandishwa kwa gari kutoka Mombo, na kila kona ya barabara ile ina gharama yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinakubali kwamba ardhi ina thamani, ingawa ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo mwenye nyumba ya tofali za kuchoma, iliyo karibu na maji na barabara, akiomba bei nzuri hatumlaumu.

Tunacholalamikia ni kuuza shida ya mnunuzi. Waseminari wanaosoma maadili watakutana na Mtakatifu Thomas wa Akwino katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77. Anakubali kwamba muuzaji anaweza kudai zaidi iwapo kuachana na kitu chake kunamtia hasara. Lakini kama hapati hasara yoyote, na mnunuzi ndiye anayekihitaji sana, hana haki ya kupandisha bei kwa sababu hiyo, maana uhitaji ule ni wa mnunuzi, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Katika swali hilo hilo anagusa hata nyumba mbovu inayouzwa kana kwamba ni imara. Nasi tunazo: nyumba zilizochongewa kwenye ukingo wa mlima, nyufa zikapigwa plasta na rangi wakati wa kiangazi, mnunuzi akaziona masika.

Sasa tutawaudhi wengine. Shida haiko upande wa mnunuzi peke yake. Familia ina mgonjwa Muhimbili, au ada ya shule imefika, inatangaza kuuza nyumba. Mwenye fedha anaambiwa Jumatatu, anajibu kwamba anafikiria. Anafikiria wiki mbili, kwa sababu anajua bei itashuka. Huyo naye yumo katika swali la 77, na yumo katika Katekisimu namba 2409, hata kama Jumapili anakaa benchi la mbele. Tena wapo wanaokubali kununua kwa baba peke yake huku mama hana habari, wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, kina mauzo ya namna hii. Abrahamu ni mgeni Hebroni, amefiwa na Sara, maiti inasubiri. Efroni Mhiti anamwambia mbele za watu achukue shamba bure. Kisha, kwa upole mwingi, anataja shekeli 400, kana kwamba ni kitu kidogo kati yao. Abrahamu hakupatana bei. Angepatanaje, na msiba wake pale?

Sisi tungependa jumuiya ndogo ndogo zichukue kazi moja. Mgeni anapotafuta nyumba, watu wawili wa jumuiya waende naye, wamwone mwenye nyumba mwenyewe, si dalali tu. Dalali alipwe jasho lake waziwazi. Kinachotuumiza ni cha juu anachoweka bila muuzaji wala mnunuzi kujua. Kisha twende serikali ya kijiji, kwa kuwa ardhi ya kijiji haihamishwi bila halmashauri ya kijiji kuridhia, na bei inayoandikwa iwe ile ile iliyolipwa, isomwe kwa sauti mbele ya majirani wa mipaka yote. Yeremia aliponunua kwa binamu yake shamba la Anathothi kwa shekeli 17, alipima fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu.