Betri Kwako, Rimoti kwa Kampuni

Jamani, kuna dhana moja inanikera: eti kampuni ya kusambaza stima ni duka tu. Inanunua kwa bei ya jumla, inaongeza chake kidogo, inakuuzia. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Leo kampuni inaweza kupata fedha nzuri kwa programu ya tarakilishi inayojua ni saa ngapi isinunue.

Chukueni Vermont, jimbo dogo la Marekani. Green Mountain Power inasambazia stima wateja wapatao 270,000, na imeweka betri za Tesla Powerwall majumbani mwao. Katika mpango ulioidhinishwa 2020, mteja alikodi betri mbili kwa dola 55 kwa mwezi, miaka 10. Stima ikipotea, taa zinawaka. Safi sana. Lakini siku nyingine zote, rimoti anayo nani?

Hapo ndipo penye utamu. Katika gridi ya New England, mzigo wa kila msambazaji katika kulipia uwezo wa mitambo hupimwa kwa stima aliyovuta ndani ya saa moja ya mwaka, ile ambayo eneo zima linatumia nyingi kupita zote. Saa moja! Basi programu inaikisia saa hiyo, inazifungulia betri zote kwa pamoja, na bili ya mwaka unaofuata inashuka. Katika joto kali la Julai 2018, kwa betri mia kadhaa tu, kampuni ilisema imeokoa kama dola 500,000. Kama mwandishi wa programu, nawavulia kofia.

Kisha kuna soko la akiba, ambako unalipwa kwa kukaa tayari, hata usipoitwa. Na kuna lile la kutuliza mapigo ya gridi (kwao 60 kwa sekunde, kwetu 50), ambako amri huja kila sekunde chache: toa, vuta, toa, vuta. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilianza majaribio ya kuingiza betri za majumbani humo. Kazi hiyo inachakaza betri.

Watetezi watasema akiba hiyo inarudi kwa wateja wote kupitia bei, na tume ya jimbo inakagua hesabu. Kweli, na Vermont ni afadhali kuliko kwingi. Lakini mimi nikikagua mfumo wowote huomba logi. Kuambiwa "tuamini" si logi.

Haya, tuje nyumbani. Kanuni za Kenya za 2024 zinampa mwenye sola nusu ya uniti kwa kila uniti anayorudisha kwenye gridi. Nusu nyingine, tunaambiwa, inalipia nyaya. Labda. Ila uniti itakayotoka kwenye betri saa mbili usiku, mitambo ya mafuta ikinguruma, haiwezi kuwa na thamani sawa na ya saa sita mchana. Anayeijua tofauti hiyo ndiye atakayeila.

Kwa hiyo kabla mtu hajashika rimoti ya betri ukutani kwangu, nataka kila amri iandikwe nami niione: wakati, kilowati, bei ya soko dakika hiyo, na nani alilipwa. Ni jedwali la safu nne. Wakinipa data, nitaliandika mwenyewe wikendi hii, bure.