Sylvinho anarudi Warsaw, safari hii si mgeni tena

KAMA ulianza kuishabikia Arsenal kabla Ashley Cole hajaota mizizi pale beki ya kushoto, jina la Sylvinho unalo kichwani. Jamaa alitua Highbury mwaka 1999 akitokea Corinthians, Mbrazili wa kwanza kuichezea klabu hiyo, na msimu wa 2000/01 wachezaji wenzake wa Ligi Kuu England walimpigia kura kuingia kwenye kikosi bora cha mwaka. Ligi ilipoisha akauzwa Celta Vigo. Cole alikuwa ameshaiva.

Ndiyo maisha yake yote hayo. Hata Barcelona alikaa miaka mitano bila kuwa jina la kwanza kwenye karatasi ya kocha, lakini Eric Abidal alipokosa fainali ya Ligi ya Mabingwa 2009 kwa adhabu, aliyeanza kushoto pale Rome dhidi ya Manchester United ni yeye. Barcelona ikashinda 2-0, akaondoka na medali.

Machi 26 mwaka huu mtu huyohuyo, sasa ana miaka 51, anaipeleka Albania Warsaw kucheza na Poland kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Akishinda, zinabaki dakika 90 nyingine dhidi ya mshindi wa Ukraine na Sweden. Albania haijawahi kucheza Kombe la Dunia tangu dunia iumbwe.

Sasa kwa nini nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam inamwamini kocha ambaye klabu mbili kubwa zilimtimua?

Turudi Lyon, 2019. Sylvinho alikuwa ametoka kuwa msaidizi wa Roberto Mancini pale Inter, kisha wa Tite timu ya taifa ya Brazil. Ndiyo kwanza anapewa timu yake mwenyewe. Akaanza kwa kuipiga Monaco 3-0 na Angers 6-0, kila mtu akajua Lyon imeokota almasi. Baada ya hapo mechi saba za ligi bila ushindi. Oktoba 6 akafungwa 1-0 na Saint-Étienne, bao la dakika ya 90, tena dabi. Kesho yake kibarua kikaota nyasi. Mechi 11 tu.

Kuna kitu hapo huwa hakisemwi. Siku nne kabla ya dabi hiyo alikuwa ameifunga RB Leipzig 2-0 ugenini Ligi ya Mabingwa. Lyon ilivuka makundi ikiwa na pointi nane, nne kati ya hizo ni za Sylvinho, halafu chini ya Rudi Garcia ikaenda mpaka nusu fainali. Aliyelima hakuwepo wakati wa mavuno.

Corinthians nako yaleyale. Msimu wa 2021 akamaliza nafasi ya tano na kuirudisha timu Copa Libertadores, lakini mashabiki walikuwa wamechoka na soka lake la kubana. Februari 2022, mechi tatu ndani ya msimu mpya, akafungwa 2-1 na Santos na safari ikaishia hapo.

Mimi siamini kwamba Sylvinho alibadilika alipofika Tirana Januari 2023. Soka ni lilelile: mabeki wanne waliobanana, viungo wanaorudi, subira. Kilichobadilika ni mwajiri. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Machi 27, 2023, hapohapo Warsaw, akalala 1-0. Septemba akawarudishia Poland 2-0 jijini Tirana, matokeo yaliyomfukuzisha kazi Fernando Santos, na Albania ikamaliza kinara wa kundi lililokuwa na Poland na Czech. Euro 2024 ikatolewa ikiwa na pointi moja, ila Italia, Croatia na Hispania hakuna aliyeifunga zaidi ya bao moja la tofauti.

Mtihani wenyewe ulikuja baadaye. Vuli ya 2024 Albania ilishika mkia kwenye kundi lake la Ligi ya Mataifa na kushuka daraja. Kwa Lyon hiyo ni barua ya kuachishwa kazi. Shirikisho la Albania likamuacha aendelee, na mwaka mmoja baadaye akamaliza wa pili nyuma ya England kwa pointi 14, moja mbele ya Serbia. Tena Serbia aliifunga kwao, 1-0, bao la Rey Manaj.

Ukizisoma namba za kundi hilo unamuona beki mzima mzima. Mechi nane, mabao matano ya kufungwa, manne yametoka kwa England. Timu nyingine tatu kwa pamoja zimeifunga Albania bao moja, la Latvia.

Lakini geuza karatasi. Mechi nane, mabao saba ya kufunga. Manne ni dhidi ya Andorra! Mawili Latvia, moja Serbia, England sifuri. Kwenye kundi unaweza kuishi kwa 1-0 na sare. Mchujo ni mechi moja, ugenini, mbele ya timu iliyotoka 1-1 na Uholanzi nyumbani na ugenini, na Robert Lewandowski anahitaji nafasi moja tu. Albania ikitanguliwa, sioni bao la pili litatoka wapi.

Najua kuna watakaosema aachie breki, aanze na washambuliaji wawili. Hawezi, na akijaribu atakuwa amekwenda Warsaw na timu isiyo yake. Nafasi yake ni kuufikisha mchezo dakika ya 70 ukiwa 0-0, uwanja uanze kunung'unika, kisha Manaj au Armando Broja apate mpira mmoja nyuma ya mabeki.