Dishi Si Mtandao wa Simu: Kabla Hujafunga Intaneti ya Setilaiti Saiti, Fikiria Siku ya Malipo

Jumamosi moja tulikuwa kwenye saiti ya mjengo kaunti ya Marsabit, zaidi ya saa mbili kutoka Laisamis kwa barabara ya vumbi. Kontrakta, ambaye ni mteja wetu, alikuwa anajenga zahanati na nyumba mbili za wahudumu. Alitualika kwa sababu alikuwa na furaha. Mwezi huo alikuwa amefunga dishi la intaneti ya setilaiti, na kwa mara ya kwanza karani wake angelipa watu akiwa pale pale saiti, bila kusafiri na daftari hadi mjini.

Na kweli, saa nane mchana karani alifungua kompyuta, akapakia orodha ya watu 31, mdosi akaidhinisha akiwa Nairobi, na pesa zikatoka. Haikufika hata dakika kumi. Sisi tulikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Halafu kukawa kimya. Hakuna simu iliyolia. Kati ya wale watu 31, watu 19 walikuwa na kabambe, na pale saiti hakuna mtandao wa simu hata kijiti kimoja. Mama mmoja anayepika chakula cha kambi akauliza, "Sasa mimi nitajuaje nimelipwa?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Kundi la kwanza likaanza kupanda kilima kilicho nyuma ya saiti, mwendo wa dakika 40, mahali ambapo simu hushika ukisimama vizuri. Waliochoka hawakupanda. Walimpa kijana mmoja simu zao awapandie. Aliondoka na mfuko wa simu saba, na mkononi karatasi yenye PIN saba.

Tulirudi Nairobi na msimamo mmoja, na ndio tunaouandika hapa: saiti haijaunganishwa kwa sababu ofisi ina intaneti. Imeunganishwa siku ambayo kibarua wa mwisho mwenye kabambe anaweza kuthibitisha mshahara wake mwenyewe, bila kumtajia mtu PIN.

Dishi linafanya kazi, hilo halina ubishi

Tusieleweke vibaya. Hatupingi dishi. Starlink ilipoanza kuuza huduma Kenya mnamo Julai 2023, kifaa peke yake kilikuwa bei ya kumtisha kontrakta mdogo. Mwaka 2024 ukaja mpango wa kukodi kifaa kwa KSh 1,950 kwa mwezi, na kifurushi cha GB 50 kwa KSh 1,300. Bei hizi hubadilika, kwa hivyo thibitisha kabla ya kulipa. Lakini mlango ulifunguka, na saiti ambazo zamani zilitegemea kijana wa bodaboda kupeleka karatasi sasa zinatuma picha za kazi na kuagiza simiti siku hiyo hiyo.

Sababu ya kasi yake ni umbali. Setilaiti za zamani za intaneti zilikaa juu sana, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na ujumbe ulichukua muda kwenda na kurudi. Hizi za sasa huzunguka kwenye kilomita 550 hivi. Ndiyo maana ule mkutano wa video na mdosi hauchelewi sana.

Ila kwa kuwa ziko chini, hazitulii mahali pamoja. Zinapita, moja ikiondoka nyingine inashika. Dishi linahitaji kuona anga pana, wala si kipande kimoja tu. Ukilifunga chini ya mgunga kwa sababu pana kivuli kizuri, kila tawi litakukatia mtandao sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinaweza kuangukia pale karani anabonyeza "Lipa". Lifunge kwenye mlingoti uliosimikwa kwa simiti, maana upepo wa Marsabit si wa kufanyia mzaha.

Mahali ambapo wengi wanajikwaa

Intaneti na mtandao wa simu si kitu kimoja. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua, lakini tumegundua hatujawaeleza wateja vizuri.

Ukibonyeza ile menyu ya nyota na reli, au ile menyu iliyo kwenye laini yako, simu yako haitumii intaneti. Inazungumza moja kwa moja na mlingoti wa kampuni ya simu. Hivyo hivyo ujumbe mfupi wa "Umepokea". Pasipo mlingoti, hakuna menyu na hakuna ujumbe, hata kama dishi la setilaiti liko mita mbili kutoka kichwani kwako. Na kabambe nyingi haziwezi kushika waifai kabisa.

Kwa hivyo dishi linamsaidia nani siku ya malipo? Linamsaidia anayetuma. Karani anaona salio, anapakia orodha, anapata risiti. Linamsaidia pia mfanyakazi mwenye simu ya kisasa ambaye tayari ana programu ya malipo. Anayepokea kwa kabambe anabaki pale pale alipokuwa kabla dishi halijaja. Tena tungesema amerudi nyuma kidogo. Zamani karani alienda mjini, na wafanyakazi wakaenda naye kwa lori. Walilipwa mahali penye mtandao, penye wakala, penye soko. Sasa lori halina sababu ya kwenda, na safari imebaki kuwa mzigo wa kibarua.

Ile karatasi ya PIN

Tungependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo ilitunyima usingizi.

Yule kijana alirudi na simu zote saba. Kila mtu alikuta pesa zake ziko sawa. Ni kijana mwaminifu na hatuna neno juu yake. Shida ni kwamba kuanzia siku hiyo anajua PIN saba, na karatasi ilibaki mfukoni mwake. Siku pesa zikipotea kwa yeyote kati ya wale saba, hata kwa sababu nyingine kabisa, yeye ndiye atashukiwa. Na mwenye pesa atakuja kwetu kulalamika, nasi tutamuuliza swali lile tunalouliza kila siku: "Kuna mtu mwingine anayejua PIN yako?" Atasema ndiyo. Hapo kesi yake inakuwa ngumu sana.

Tumezoea kumlaumu mteja anayetoa PIN. Tunaandika kwa herufi kubwa USIMPE MTU PIN YAKO. Lakini mtu aliyebeba mawe tangu asubuhi, anayeambiwa apande kilima dakika 40 ndipo aone mshahara wake, hatoi PIN kwa ujinga. Anaitoa kwa sababu amechoka na hakuna aliyempangia njia nyingine.

Kuna jambo la pili tulilolisikia pale. Baadhi ya makarani, ili kurahisisha mambo, hutuma mishahara ya watu kadhaa kwa laini moja ya mtu mwenye simu nzuri, kisha yeye anawagawia. Tafadhali usifanye hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara ulipwe moja kwa moja kwa mfanyakazi mwenyewe. Mwingine kupokea kwa niaba yake kunahitaji idhini ya maandishi. Zaidi ya sheria, ukituma pesa za watu watano kwa mmoja, rekodi yako inasema umemlipa mmoja. Wakija kudai, utaonyesha nini?

"Si wanunue simu za kisasa?"

Hili tumeambiwa mara nyingi, hata ofisini kwetu. Kuna ukweli ndani yake. Simu za bei nafuu zipo, na za kulipa polepole zipo. Lakini kabambe inakaa na chaji siku kadhaa, na saiti yenye sola moja haiwezi kuchajia watu 31 kila usiku. Ikianguka kwenye kokoto, mtu anaiokota na kuendelea na kazi. Kwa mazingira yale, kabambe ni uamuzi wa busara. Tusimfanye mtu aonekane mshamba kwa kuchagua kifaa kinachomfaa.

Wengine husema basi turudi kwa pesa taslimu. Kubeba mishahara ya wiki ya watu 31 kwenye pikipiki, kwa barabara ambayo kila mtu anajua Jumamosi ni siku ya malipo? Hapana.

Tunachopendekeza

Ikiwa unapanga kufunga dishi saiti, panga siku ya malipo kwenye bajeti ile ile. Haya ndiyo tumeyaona yakifanya kazi.

Kwanza, hesabu simu kabla ya kununua kifaa. Uliza ni wangapi wana kabambe na wangapi wana simu inayoshika waifai. Swali hili halihitaji hata shilingi moja, na litakuonyesha kazi iliyo mbele yako.

Pili, wenye simu za kisasa wasajili programu ya malipo kabla ya kupanda lori. Usajili huhitaji namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi, na huo ujumbe hautawafikia saiti. Tumeona fundi akikaa wiki tatu na waifai nzuri na programu ambayo haifunguki.

Tatu, kwa wenye kabambe, lipa siku ambayo gari linakwenda mahali penye mtandao, iwe ni siku ya soko au siku ya kuleta maji. Wape nafasi kwenye gari, na uhesabu saa hizo kama saa za kazi. Mafuta unayachoma hata hivyo.

Nne, waambie watu wote ukweli huu: ujumbe kuchelewa si pesa kupotea. Pesa zikishaingia kwenye akaunti ziko pale hata kama simu haijalia. Karani achape orodha ya malipo yenye jina, kiasi na namba ya muamala, kila mtu aonyeshwe mstari wake. Haitachukua nafasi ya kuangalia salio mwenyewe, lakini itamfanya mtu alale bila wasiwasi hadi siku ya gari.

Tano, usikimbilie kununua kifaa cha kuongeza mawimbi kutoka kwa mtu wa mtaani. Vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kisichoidhinishwa kinaweza kuvuruga mtandao wa majirani. Zungumza na kampuni ya simu kwanza.

Sita, piga hesabu ya umeme. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100. Lile dogo wati 25 hadi 40. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae miaka tumia nusu tu, yaani 600. Dishi dogo la wati 30 kwa saa 12 litakula 360, basi betri moja inatosha. Dishi la kawaida la wati 75 kwa saa hizo hizo litakula 900. Nusu hiyo itaisha kabla ya saa hizo kumalizika, na malipo mengi hufanywa jioni.

Saba, tenga waifai ya ofisi na ya wafanyakazi kama ruta yako inaruhusu. Video ya kawaida hula karibu GB moja kwa saa. Watu kumi wakitazama saa moja kila jioni, GB 50 zimeisha siku ya tano. Usiwafungie, maana mtu aliye mbali na nyumbani anahitaji kuona sura ya mtoto wake. Weka tu kiasi, ili siku ya malipo bando la ofisi liwepo.

Na sisi je?

Tungekuwa waongo tukimaliza kwa kumwambia kontrakta peke yake. Matangazo yetu husema unaweza kulipwa popote ulipo. Baadhi yetu tuliandika maneno hayo tukiwa mezani Nairobi, simu ikiwa na vijiti vyote vinne. Yule mama mpishi alikuwa "popote", na hakuweza kujua kama amelipwa.

Kuanzia sasa, mteja wa malipo ya mishahara akituambia saiti yake iko nje ya mtandao, swali letu la kwanza litakuwa: wafanyakazi wako wana simu gani, na gari linakwenda mjini siku gani? Orodha ya kupakia itafuata baadaye.

Kontrakta wetu alihamisha malipo kutoka Jumamosi hadi Jumatano, siku ya gari la maji. Tulipompigia simu mama mpishi wiki iliyofuata, ilibidi tungoje hadi Jumatano hiyo ndipo apatikane. Alisema ameona pesa zake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, na PIN amebadilisha. Hiyo mpya hajamwambia mtu.